Kitufe cha Kwanza Ni cha Kurudi

Mama aliyenifundisha namna ya kurahisisha Emacs, programu ya kuandika na kuhariri maandishi kwenye kompyuta, hakuwa amewahi kulisikia jina hilo kabla ya kuingia darasani mwangu. Alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake wauza samaki, mtu aliyezoea kudamka kwenda ufuoni Dunga kusubiri mitumbwi, na sote tulimwita Mama Katibu. Siku yake ya tatu alikosea neno, akafanya kama alivyomwona mwanawe akifanya nyumbani: akabonyeza Ctrl pamoja na Z ili kosa lifutike. Dirisha zima likatoweka. Aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, “Mwalimu, nimeharibu mashine ya watu.”

Hakuwa ameharibu chochote. Katika Emacs ambayo haijarekebishwa, vitufe hivyo viwili hulikunja dirisha na kulishusha chini ya skrini, na maandishi yake yote yalikuwa yakimngoja huko. Nilibofya mara moja tu yakarudi. Lakini hakugusa tena kibodi siku hiyo, na wiki iliyofuata hakuja. Nilipompigia simu aliniambia kwamba kazi ya sokoni ilikuwa nyingi. Nilijua kwamba kazi ya sokoni ilikuwa nyingi hata wiki zile alizokuja.

Darasa letu lilikuwa katika ukumbi mdogo mtaani Manyatta, mjini Kisumu, likiwa na kompyuta tisa kuukuu ambazo ofisi moja ilikuwa imeziondoa kazini. Nilizitia mfumo wa Linux, nikachagua Emacs iwe programu yetu ya kuhariri maandishi, kwa sababu haina malipo, haizilemei mashine dhaifu, na ndani yake mtu anaweza kuandika barua, kupanga hesabu katika jedwali, kutunza ratiba na kuandika programu za kompyuta bila kuhama. Nilikuwa na vijana waliotaka kujifunza kuandika programu, na nilikuwa na watu wazima waliotaka kuandika kumbukumbu za mikutano ya vyama vyao. Sikutaka kuwatenganisha. Niliamini, na bado naamini, kwamba chombo chenye nguvu hakipaswi kuwekewa watu wa aina fulani tu, huku wengine wakipewa kinachofanana na kitu cha kuchezea.

Nilikuwa nimefikiria pia Vim, kihariri kingine cha maandishi. Mtu wa Kisumu ana sababu ya kuipenda, kwani anapoifungua bila faili hukutana na ujumbe unaomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Aliyeiunda, Bram Moolenaar, ambaye alitoa toleo la kwanza mwaka 1991 na kufariki mwaka 2023, aliwahi kujitolea kwa muda wa mwaka mmoja katika kituo cha watoto huko Kibaale, kusini mwa Uganda, kwa majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Lakini Vim humtaka mtu ajue, kabla ya kuandika herufi ya kwanza, kwamba vitufe vyake wakati mwingine ni herufi na wakati mwingine ni amri. Niliona huo ni mlima mkubwa kwa saa ya kwanza.

Emacs nayo ina milima yake, na mingi imetokana na umri wake. Ilianza mwaka 1976 katika chuo cha MIT, Marekani, kama mkusanyiko wa amri fupi uliojengwa juu ya kihariri cha zamani kilichoitwa TECO, na Richard Stallman, mmoja wa waliouanzisha, alitoa GNU Emacs mwaka 1985. Maana yake ni kwamba vitufe vyake vingi vilikwisha kupewa kazi kabla ulimwengu haujakubaliana kwamba Ctrl na C ni kunakili na Ctrl na V ni kubandika. Majina nayo ni ya zama hizo. Kukata maandishi huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuua, na kubandika huitwa kwa neno lenye maana ya kuvuta kwa ghafla. Mafunzo yanayokuja ndani ya Emacs yametafsiriwa katika lugha nyingi, lakini ya Kiswahili sikuyakuta, basi nikaandika karatasi yangu mwenyewe, nikafuata asili neno kwa neno. Wiki ya kwanza mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuja kuandika hadithi alizosimuliwa na nyanyake kwa Kijaluo, aliinua karatasi ile akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, mbona tunaua mistari?” Nilikusanya karatasi zote siku hiyo hiyo. Nilichukua maneno ambayo watu huyaona kwenye simu zilizowekwa Kiswahili, nayo ni kata, nakili, bandika, hifadhi na tendua, yaani kubatilisha ulichofanya sasa hivi. Kazi ya kutafuta maneno ya namna hiyo haikuanzia kwangu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wameifanya kwa bidii katika mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Kosa langu kubwa zaidi lilifuata baada ya Mama Katibu kukosa kuja. Nilijiambia kwamba programu ina vitu vingi mno, na kwamba dawa ni kuvipunguza. Kwa majuma mawili nilikaa usiku nikiondoa. Niliondoa menyu, nikaondoa picha ndogo za juu, nikazima amri moja baada ya nyingine, hadi skrini ikabaki nyeupe kama karatasi, na vitufe vilivyobaki vikawa vichache sana. Nilipoitazama niliiona nzuri. Nilijivunia unyenyekevu wake.

Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyenionyesha nilichokuwa nimefanya. Kuhifadhi katika Emacs ya asili huanza kwa Ctrl na X, nami nilikuwa nimeuacha mlango huo wazi kwa sababu bila huo hakuna kuhifadhi. Alipobonyeza Ctrl na X, kidole kikagusa tarakimu 3 kabla ya kufika kilikokuwa kikienda, na skrini ikagawanyika mara mbili, kushoto na kulia, maandishi yale yale pande zote mbili. Yeye aliona nakala mbili za barua yake. Akaona ni vyema asafishe, akaifuta ile ya kulia. Ya kushoto nayo ikafutika, kwa sababu hazikuwa barua mbili bali madirisha mawili yanayotazama barua moja. Akahifadhi. Menyu ambayo ingemwonyesha jinsi ya kufunga dirisha la pili ilikuwa imeondolewa kwa mkono wangu. Barua ilipatikana baadaye, maana Emacs huacha nakala ya faili kama ilivyokuwa kabla ya kuhifadhiwa, yenye alama ya wimbi (~) mwishoni mwa jina lake, lakini nakala hiyo ilikuwa ya juzi yake, na ukurasa mzima aliouandika siku hiyo ulikuwa umekwenda.

Na si yeye tu niliyemkwaza. Wasichana wawili waliokuwa wepesi kuelewa walikuwa wamegundua kitabu cha maelezo kilichomo ndani ya Emacs, wakakisoma wenyewe jioni, wakajaribu kila kilichoandikwa humo. Nusu ya amri hazikuitika kwa kuwa nilikuwa nimezizima. Waliamini kwamba wao ndio hawakuelewa. Jambo hilo liliniuma kuliko barua iliyopotea, kwa sababu barua huandikwa upya, lakini kijana anayejifunza akiamini kwamba hana akili ya jambo fulani ataondoka bila kukuambia.

Basi nikaacha kugusa mashine kwa muda, nikakaa na wanafunzi mmoja mmoja na kuwauliza wanaogopa nini hasa. Yule wa bodaboda alinijibu kwa mfano wa kazi yake. “Mwalimu, mimi mji huu sijaumaliza. Kuna vichochoro vya Nyalenda ambavyo sijawahi kuingia. Lakini nikijua Kondele iko upande gani, siwezi kupotea. Hapa kwako sijui Kondele iko wapi.”

Nilirudi kwenye mipangilio yangu na sentensi hiyo kichwani. Nilirudisha kila nilichokuwa nimeondoa, menyu ikiwa ya kwanza. Kisha nikatafuta Kondele. Emacs ina amri ya kuacha jambo lililoanzwa, Ctrl na G, nayo ni nzuri, lakini ina amri nyingine pana zaidi ambayo kwa kawaida huitwa kwa kubonyeza Esc mara tatu mfululizo: huacha swali lililoulizwa chini ya skrini, huondoa uteuzi wa maandishi, na kama hakuna la kuacha hufunga madirisha ya ziada libaki moja. Niliifunga amri hiyo kwenye Esc, ibonyezwe mara moja tu. Tangu hapo somo la kwanza halikuwa kuandika tena. Nilimwambia kila anayeingia abonyeze chochote anachotaka, apotee kwa makusudi, skrini igawanyike, maswali ya Kiingereza yatokee, halafu abonyeze Esc arudi. Katika wiki mbili kitufe hicho kikawa kinaitwa Kondele darasani, na ungesikia mtu akimwambia jirani yake, “Rudi Kondele kwanza.”

Nilipokuwa nikisoma zaidi ili kurekebisha mengine, nilikuta kwamba waliotengeneza Emacs walikuwa wamelifikiria jambo hili muda mrefu kabla yangu. Kuna amri chache wanazoziona zinaweza kumchanganya mgeni, kama ile inayoficha maandishi yote isipokuwa sehemu iliyoteuliwa, ambayo humfanya mtu adhani kazi yake imefutwa. Amri hizo hazijaondolewa. Mtu anapozigusa, Emacs husimama, humweleza amri hiyo inafanya nini, na kumuuliza kama anataka kuijaribu mara hii tu, kuiruhusu siku zote, au kuiacha. Huyo ni bawabu mlangoni, na mimi nilikuwa nimejenga ukuta mahali pa bawabu. Nilichofanya ni kumfundisha bawabu Kiswahili.

Hali kadhalika na mstari ule wa chini ya dirisha, unaoonyesha mtu yuko wapi. Kwa kawaida huanza kwa alama kama hizi: U:**-. Nyota mbili zile zina maana kwamba maandishi yamebadilika na hayajahifadhiwa. Ni habari muhimu kuliko zote kwa mtu anayeanza, nayo imeandikwa kwa alama ambazo hakuna anayeweza kuzikisia. Niliubadilisha mstari huo uonyeshe jina la faili, kisha neno HAIJAHIFADHIWA kwa rangi nyekundu au IMEHIFADHIWA kwa kijani. Ilinichukua chini ya saa moja, na sidhani kuna saa nyingine niliyotumia vizuri zaidi katika kazi hii yote. Maswali ya “Je, imeingia?” yalikoma kabisa.

Kuhusu Ctrl na S nilisumbuka sana. Katika Emacs vitufe hivyo huanza kutafuta neno, na mwanafunzi aliyezoea simu na kompyuta za saiba huvibonyeza akidhani amehifadhi, kisha anaendelea kuandika, na kila herufi anayoandika huingia kwenye utafutaji badala ya barua yake. Kubadilisha ni rahisi. Swali lilikuwa kama ni haki. Atakayefunzwa kwa vitufe vyangu hatavikuta katika Emacs ya mtu mwingine. Upande wa pili, wengi wa wanafunzi wangu wangeajiriwa katika saiba na ofisi ambako Emacs haipo kabisa, na tabia nitakayowapa vidoleni ndiyo watakayokwenda nayo. Niliamua kufuata huko waendako. Ctrl na S ikawa kuhifadhi, Ctrl na F kutafuta, na nikawasha mtindo uitwao CUA, ambao ndani yake Ctrl na Z hutendua, na Ctrl na X na C hukata na kunakili pale tu palipo na maandishi yaliyoteuliwa, zikibaki na kazi zao za zamani wakati mwingine wote. Nilitiwa moyo nilipofungua mafunzo ya asili baada ya hapo: Emacs iligundua yenyewe kwamba vitufe vimebadilishwa, ikaweka maelezo yenye rangi kila mahali ambapo somo na mipangilio yangu havikuafikiana.

Mama Katibu alirudi. Nilimwendea mwenyewe sokoni Kibuye, nikanunua omena, nikamwomba aje anisaidie kujaribu kitu. Alipotelea humo kwa makusudi karibu robo saa, akarudi Kondele kila mara, na mwishowe akaanza kuandika kumbukumbu za mkutano wa kikundi chake.

Hapo ndipo ilipotokea hasara ambayo lawama yake ni yangu peke yangu. Alasiri moja mvua ilitoka ziwani, umeme ukakatika, na mashine zote zikazimika pamoja. Alikuwa ameandika karibu saa nzima bila kuhifadhi. Nilimwambia asihofu, kwani najua Emacs hujihifadhia yenyewe pembeni kila baada ya herufi 300 hivi, au mtu akitulia kwa nusu dakika, katika faili ambayo jina lake limezungukwa na alama za reli (#). Umeme uliporudi nilikuwa nikihudumia mashine nyingine. Alifungua faili yake, akaona mistari ya zamani tu. Chini kabisa Emacs ilimwambia kwamba kuna maandishi yaliyookolewa na kumshauri atumie amri ya kuyarudisha, lakini ilisema kwa Kiingereza, katika mstari mmoja mdogo, na mstari huo ukatoweka alipogusa kitufe. Mama akapumua, akaanza kuandika upya kwa subira, akahifadhi. Emacs ilipoona faili imehifadhiwa, ilifuta ile nakala ya pembeni, kama ilivyoagizwa kufanya. Nilipofika kwake hakukuwa na cha kuokoa.

Hakunilaumu. Usiku ule niliandika kipande kifupi cha msimbo katika lugha ya Lisp, ambayo ndiyo lugha Emacs inayorekebishwa nayo. Faili ikifunguliwa na kukawa na nakala ya pembeni iliyo mpya kuliko yenyewe, kazi husimama, na swali hutokea kwa herufi kubwa katikati ya skrini: “Kompyuta ilizimika kabla hujahifadhi. Nikurudishie uliyokuwa umeandika?” Hakuna linalowezekana hadi mtu ajibu ndiyo au hapana. Nilipunguza pia zile herufi 300 zikawa 50, na nusu dakika ikawa sekunde kumi. Mashine hazikuhisi uzito wowote. Nakala za wimbi na za reli nilizihamishia kwenye folda yake pekee, maana watu walikuwa wakiziona kando ya faili zao na kuzifuta wakidhani ni uchafu.

Baada ya hayo nguvu ya Emacs ilianza kuonekana bila mimi kuihubiri. Mama Katibu alikuwa akiandika michango ya wanachama, jina na kiasi, na nafasi kati yao aliipanga kwa jicho. Nilimwonyesha Org, sehemu iliyoanzishwa na Carsten Dominik mwaka 2003 na ambayo sasa huja ndani ya Emacs. Aliandika mstari wima, jina, mstari wima, shilingi, mstari wima, kisha akabonyeza Tab, na safu zote zikajinyoosha, majina marefu kwa mafupi. Akaandika jina lingine refu zaidi, akabonyeza tena, zikajinyoosha upya. “Yamejipanga kama ngege mezani,” alisema, na akaendelea hadi wanachama wote wakaisha. Nilimwekea chini ya jedwali mstari wa kujumlisha. Jumla ilitofautiana na ya daftari lake kwa shilingi 200, akatoa kalamu, akahesabu daftari tangu mwanzo, akakuta ni daftari lililokosea.

Miezi michache baadaye alinionyesha menyu kwa kidole akauliza, “Hili neno tendua, nani aliliweka hapa?” Nikamwambia ni mimi. Akasema wanawake wa kikundi chake anaowafundisha siku hizi hawalijui, kila mara analazimika kulieleza, na linamkawiza. Akauliza kama linaweza kuondolewa. Nilimfungulia faili ya mipangilio, ile ile ninayoiandika mimi, nikamwonyesha mstari wenye neno hilo ndani ya alama za kunukuu na jina la amri pembeni yake, nikamwambia aandike analotaka, ila alama zile zibaki.

Alifuta polepole, herufi kwa herufi, na kidole kikapitiliza, kikaifuta alama ya kunukuu. Papo hapo mistari yote ya chini ikabadilika rangi, kwa kuwa Emacs ilidhani neno lake halijaisha. Nilifungua mdomo nimsaidie. Yeye alikuwa ameshabonyeza Ctrl na Z, rangi zikarudi mahali pake, akaanza tena kwa uangalifu, akaandika neno moja, Rudisha, akahifadhi, akatazama chini hadi alipoona kijani. Kisha akaifunga Emacs na kuifungua upya ili ahakikishe menyu imemsikia.

Ndilo neno lililomo katika mashine zote tisa hadi leo.